Kwa nini duka letu haliuzi pipi za delta-8

Karibu kila wiki kuna mtu anayesimama hapa kaunta, kati ya unga wa sembe na dagaa, akauliza kwa sauti ya chini: "Zile pipi za hempu mnazo? Zile za halali?" Jibu letu ni hapana. Hatunazo na hatutaziweka. Ila ukimjibu mteja hapana tu bila maelezo anaona umemdharau, na wengi wanaouliza ni watu wetu wa siku zote hapa Arlington, Texas. Kwa hiyo nimekaa niandike.

Nianze na hilo neno "halali". Desemba 2018 Marekani ilipitisha sheria ya kilimo iliyoitoa hempu kwenye orodha ya dawa za kulevya. Hempu ni bangi ileile kwa mmea. Kinachozitenganisha ni kipimo. Delta-9 THC, kemikali inayolewesha, isizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Waliofikiriwa walikuwa wakulima wa nyuzi, mbegu na mafuta. Wafanyabiashara wakaisoma upya, wakaona kikomo kimewekewa delta-9 peke yake. Delta-8, kemikali nyingine ya mmea huo inayolewesha, haikutajwa. Halafu wakaona asilimia 0.3 ya jani si sawa na asilimia 0.3 ya pipi. Piga hesabu: pipi moja ya gramu 4 inaweza kubeba miligramu 12 za delta-9 na bado ikaitwa hempu. Miligramu 12 zinamlewesha barabara mtu mzima asiyezoea.

Delta-8 yenyewe kwenye mmea ni kidogo mno, hata kuikamua hakulipi. Inayouzwa imetengenezwa maabara. Baada ya 2018 watu walilima hempu kupita kiasi, CBD, kemikali nyingine ya hempu, ikafurika sokoni na bei yake ikaanguka, basi wakatafuta namna ya kuiuza kwa sura nyingine. CBD haileweshi. Lakini ukiiyeyusha kwenye kimiminika kama toluini, ukatia asidi na kupasha moto, molekuli zake hujipanga upya zikawa delta-8. Tatizo ni kwamba mtungini haitoki delta-8 peke yake. Hutoka pia delta-9, delta-10, na mabaki mengine ambayo maabara huyaona kwenye mashine bila kuyatambua. Mtu makini huyasafisha. Asiye makini huyatia rangi na sukari, akafunga pakiti. Neno "asili" lililoandikwa juu linasema habari za shamba, wakati wewe unakula kilichotoka mtungini.

Mwaka jana wakala mmoja alituletea boksi la sampuli. Faida aliyotutajia ilikuwa kubwa kuliko ya mchele na mafuta ya mawese tukiyajumlisha, sitaficha. Akafungua pakiti ya rangi ya machungwa: vidubu vidogo vimenyunyiziwa sukari, harufu ya embe. Mwanangu wa miaka minne alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele. Akanyoosha mkono.

Nikaifunga ile pakiti, nikamwomba yule kaka cheti cha maabara. Alinionyesha kwenye simu. Namba ya toleo kwenye cheti haikuwa ile ya kwenye pakiti. Nguvu ya delta-8 ilikuwa imepimwa, lakini kwenye mistari ya viyeyusho na metali nzito paliandikwa "haikupimwa". Nikamrudishia boksi lake.

Kuhusu watoto siwezi kupita haraka. Kati ya Januari 2021 na Februari 2022, vituo vya sumu vya Marekani vilipokea taarifa 2,362 za watu waliokutana na delta-8. Asilimia 40 hawakukusudia, na kati ya hao zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa watoto. Takwimu hizo zilitolewa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa, ambayo haijaidhinisha bidhaa yoyote ya delta-8 kwa matumizi yoyote. Mama, mtoto akila pipi hizi anaweza kulala usingizi usioamshika, au kupumua kwa shida. Usimpe maziwa ukangoja apate nafuu. Piga 1-800-222-1222, ni bure, usiku na mchana. Akishindwa kuamka au kupumua, 911.

Ndugu zetu madereva wa malori, mnaonunua soda hapa kabla ya safari: kipimo cha kwanza cha mkojo hakibagui delta-8 na delta-9, na pipi nyingi zina zote mbili. Wizara ya Uchukuzi ilishaeleza mwaka 2020 kwamba hata kusema "nilitumia CBD" si utetezi. Matokeo yakiwa mabaya yanaingia kwenye daftari la taifa, na tangu Novemba 2024 jimbo linalazimika kukushushia CDL, leseni ya kuendesha magari makubwa, mpaka umalize utaratibu wa kurudi kazini. Familia ngapi hapa zinakula kwa leseni hiyo?

Na wewe unayesubiri uraia, idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo Aprili 2019 kwamba kutumia bangi kunaweza kukukosesha sifa ya mwenendo mwema, hata kama jimbo lako limeiruhusu. Sitamani uwe mbele ya afisa ukimfafanulia tofauti ya nane na tisa. Vilevile usifungashe pipi hizi kwenye sanduku la kwenda nyumbani. Kenya na Tanzania zote zinakataza bangi, na risiti ya dukani Texas haitakuokoa uwanja wa ndege.

Sheria nayo inabadilika. Hapa Texas gavana Greg Abbott aliukataa muswada wa kupiga marufuku bidhaa hizi Juni 2025, kisha Septemba akaagiza zisiuzwe kwa walio chini ya miaka 21. Sigara za kielektroniki zenye kemikali hizi zilikatazwa mwezi huohuo. Kubwa zaidi ni sheria ya taifa iliyotiwa saini tarehe 12 Novemba 2025, ikapewa mwaka mmoja kabla ya kuanza. Hiyo inazitoa nje ya maana ya hempu kemikali zilizotengenezwa nje ya mmea, na inaweka kikomo cha miligramu 0.4 za THC kwa chombo kizima. Kumbuka zile 12 za pipi moja.

Anayetafuta usingizi au nafuu ya maumivu ya mgongo tunamwelewa, maana hakuna anayesimama zamu ya usiku akabaki mzima. Mwulize daktari au mfamasia, na umtajie dawa zote unazotumia. Kama tayari unayo pakiti nyumbani, iweke juu, kwenye kabati lenye kufuli, halafu piga picha ya cheti chake uje nayo. Jumatatu asubuhi duka huwa tulivu. Tutaketi tukisome pamoja mstari kwa mstari, na hakuna atakayekuuliza umeitoa wapi.