Santuri zetu zisitupwe kisa kuna simu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Wiki iliyopita kuna msomaji mwenzetu aliandika kwamba kukaa na santuri, zile sahani za muziki za zamani, nyumbani siku hizi ni kufuga vumbi tu, kila kitu kipo kwenye simu. Barua ile imenikaa kifuani siku tatu nzima, ndo maana na mi nimeshika kalamu.

Nipo Tanga, na muziki wangu ni dansi na taarabu za zamani, Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Mbaraka Mwinshehe, Lucky Star, Black Star. Marehemu baba alituachia redio gramu na sahani kama mia na arobaini hivi, nyingi ni zile ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Simu ina raha yake, hilo nakubali kabisa, asubuhi naosha vyombo siwezi kuwa nakimbilia kugeuza sahani kila dakika nne mikono imejaa povu, nawasha simu inapiga yenyewe kwenye sabufa mpaka nimalize. Na ukija kwenye vipimo sibishi, CD tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982 inabeba tofauti ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa karibu desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), santuri ikijitahidi sana ni kama 70. Anayesema dijitali ni safi zaidi hajakosea.

Sasa swali langu kwake ni hili, hiyo dijitali safi ya nyimbo zetu iko wapi? Nyingi zilizopo mitandaoni zimetolewa kwenye sahani iliyochoka ikapigwa na sindano iliyochoka, au kwenye kaseti iliyorekodiwa redioni mvua inanyesha, kisha faili likabanwa likabanwa tena ili nyimbo mia tatu ziingie kwenye flashi ya kuuzia stendi. Ukisikiliza unasikia ngoma kama mtu anagonga boksi.

Na kibaya zaidi ni upande wa pili. Sahani ndogo inabeba dakika nne hivi kila upande, na bendi zetu wimbo ulikuwa unakwenda saba mpaka nane, kwa hiyo mara nyingi waliukata katikati, upande A unapata mashairi, upande B ndo linakuja chemko lenyewe, magitaa yanajibizana na tarumbeta inaingia. Wengi waliopandisha hizi nyimbo wamepandisha upande A peke yake! Mwanangu ana miaka 19, kuna wimbo wa Mbaraka anaupenda toka utotoni na alikuwa anaamini unaishia pale gitaa linapofifia. Siku nilipomgeuzia sahani alikaa kimya mpaka mwisho halafu akasema, baba, kumbe siku zote nilikuwa nasikiliza nusu. Mhariri, hilo neno liliniuma.

Kuna na wale wanaosema santuri haina besi. Jamani, mara nyingi ni waya. Wakati wa kuchonga santuri besi inapunguzwa na sauti nyembamba zinapandishwa, manake besi ikiachwa ilivyo mfereji inamopita sindano unakuwa mpana mno na sahani inabeba dakika chache, kiwango hicho viwanda vya Marekani vilikubaliana mwaka 1954. Ndo maana mashine ya santuri inatakiwa ichomekwe kwenye tundu lililoandikwa phono, mle kuna saketi inayorudisha besi mahali pake. Fundi mmoja aliniunganishia ya kwangu kwenye tundu la kawaida, miezi sita nasikia sauti imekonda kama ya simu ya mezani, nikajua ni uzee wa sahani kumbe sahani hazina kosa lolote.

Kutunza nako si kazi kubwa kama watu wanavyosema, ila joto la pwani halina huruma. Tulipohama nyumba boksi moja lilikaa siku nne kibarazani chini ya bati, mwezi wa kwanza, sahani 11 zikapinda kama bakuli na mpaka leo sindano inaruka. Zisimamishe kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, na sindano ikichoka badilisha, kwa sababu sindano mbovu inaichimba sahani kila unapoipiga na haitapona tena.

Msomaji mwenzetu anaona ni takataka, lakini Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuishinda CD kwa idadi tangu 1987. Na wakusanyaji wa Ulaya wanazitafuta hizi hizi sahani zetu, zilizochapwa Nairobi kwa sababu Tanzania hatukuwa na kiwanda, mtu anampa mjane elfu tano kwa boksi zima na boksi linapanda ndege. Huko walikopeleka watasikia chemko na sisi tubaki na nusu wimbo.

Mi nyumbani sijachagua kimoja. Simu ni ya kila siku, santuri ni ya Jumapili jioni tukishakula, na taratibu nazirekodi kwenye kompyuta pande zote mbili, naziunga, namtumia mama kule Korogwe anasikiliza kwenye simu yake. Mpaka sasa nimemaliza 63. Kwa hiyo mwenye sahani asiyezitaka naomba asitupe wala asimuuzie mpita njia, aniandikie kupitia gazeti lako, hata kama zipo Lushoto nitapanda basi nizifuate mwenyewe, na nakala za nyimbo zote nitamrudishia bure.

Msomaji wako,
Tanga