Hamu ya kujidhuru haitulizwi kwa amri

Ndugu Mhariri,

Siku ya kufungua shule za bweni, masanduku hukaguliwa langoni: simu zinachukuliwa, nguo za rangi zinarudishwa nyumbani na mzazi. Wiki kadhaa baadaye matroni anagundua kwamba msichana wa kidato cha pili amekuwa akijiumiza usiku. Anaitwa ofisini, anaambiwa "Acha!", anatia sahihi karatasi ya ahadi, nyumbani kunapigwa simu. Kwenye faili jambo limekwisha. Kwa mtoto, hata halijaguswa.

Kiswahili chetu hapa Uganda kilikaa sana kambini kwa wanajeshi, na hadi leo wengi wetu hukikumbuka tunapotaka kutoa amri. Katika jambo hili amri haifai kitu, na tungependa kueleza kwa nini, na nini kiwekwe mahali pake.

Mara nyingi anayejidhuru hatafuti kufa, wala hatafuti kutazamwa. Kuna kitu anataka kukishusha: hasira, hofu, aibu, au ile ganzi ya kutohisi chochote. Kujiumiza humshushia kwa muda mfupi, na ubongo hausahau kilichowahi kuupa nafuu. Halafu inaingia aibu ya alichofanya, na aibu hiyo ndiyo kuni za hamu inayofuata. Kumwambia aache, basi, ni kumnyang'anya mkongojo katikati ya safari.

Jambo la kwanza ambalo kijana hajaambiwa na mtu ni kwamba hamu ina mwendo wake. Hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka hata isipotiiwa, na kwa watu wengi kilele hakizidi nusu saa. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi na walevi, aliifananisha na wimbi. Wavuvi wa Ziwa Albert hawahitaji kufafanuliwa mfano huo: wimbi kubwa hupigani nalo wala hulipi ubavu wa mtumbwi, unalielekezea omo na kulisubiri lipite chini yako.

Kwa hiyo kazi ya mwanzo ni kuahirisha. Tazama saa, andika dakika, jiambie: "Sifanyi lolote kabla ya saa tatu na robo." Robo saa tu. Ahadi ya "sitarudia tena maishani" ni kubwa mno kwa mtu aliye kileleni; huvunjika siku hiyohiyo. Ondoka hapo ulipo, hasa kama ndipo ulipozoea kujiumizia. Robo saa ikiisha, pima hamu kuanzia 0 hadi 10. Ikiwa ilikuwa 9 na sasa ni 7, jiongezee robo nyingine.

Ndani ya hizo dakika ufanye nini? Hapa ndipo ushauri mwingi unapoharibika, kwa sababu kila mtu hupewa dawa moja: "vuta pumzi", au "sali". Anayetetemeka kwa hasira na aliyekufa ganzi hawawezi kutulizwa kwa njia moja. Kwanza ajiulize, hiki ninachokihisi kinachemka, kimezimika, au kinanisema vibaya?

Kikiwa kinachemka, anza na mwili. Marsha Linehan, aliyebuni tiba inayotumika sana kwa watu wanaojidhuru, na ambaye mwaka 2011 alisema hadharani kwamba ujanani naye alijidhuru, aliweka maji baridi mwanzoni kabisa mwa mbinu zake za dharura. Jaza beseni maji ya mtungi, au ya friji kama ipo. Inama, zuia pumzi, zamisha uso kuanzia paji hadi chini ya mifupa ya mashavu, ukae hivyo sekunde 15 hadi 30. Inua uso, pumua, rudia mara mbili au tatu. Maji baridi yakigusa sehemu ya macho na mashavu huku pumzi imezuiwa, mwili hujiona umepiga mbizi na mapigo ya moyo hupungua. Wengi wanaosema "nilijaribu, haikunisaidia" walijirushia maji wakiwa wamesimama wima huku wanahema; hiyo ni kunawa uso tu. Maji ya vuguvugu nayo hayafai. Pasipo na beseni, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kubanwa juu ya macho na mashavu kinasaidia, ingawa kwa nguvu kidogo. Mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo, au aliyedhoofika kwa kutokula, asiitumie njia hii bila kumuuliza mhudumu wa afya.

Kisha upe mwili kazi inayotoa jasho, dakika 10 hadi 20: twanga karanga kwenye kinu, fua shuka nzito, panda na jerikeni kutoka kisimani. Kazi ikiisha usikae ghafla. Moyo unaoenda mbio bila mwili kufanya kazi ubongo huusoma kama hofu, na hamu hurudi. Maliza kwa pumzi: vuta ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, kwa dakika tano. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Humo ndimo utulivu ulimo. Anayevuta pumzi kubwa za harakaharaka hupoteza hewa ya kaboni nyingi kupita kiasi, kichwa kinazunguka, vidole vinawasha, naye anadhani anakufa.

Kikiwa kimezimika, maji baridi na pumzi huweza kumzamisha zaidi. Huyo anahitaji kitu chenye ladha, harufu na mguso: kipande cha tangawizi mbichi mdomoni, ganda la limau lililofikichwa na kunuswa, ukwaju, miguu mitupu kwenye majani yenye umande. Ataje kwa sauti anachokiona, rangi yake, umbo lake. Mikono inayosuka mkeka au kufuma kitambaa hurudisha mtu taratibu.

Kinachomsema vibaya ("sina maana, ninawachosha") ni kigumu kuliko vyote, na kazi ya jasho haikinyamazishi. Hapa dawa ni watu. Akae jikoni wanakopika, hata bila kueleza lolote. Au aandike maneno ambayo angemwambia mdogo wake mwenye shida hiyohiyo, kisha ayasome kwa jina lake mwenyewe.

Sasa turudi bwenini, maana ushauri mwingi huandikwa kana kwamba kila mtu ana chumba, simu na uwanja. Ni saa tano usiku, taa zimezimwa, vitanda vya chuma vimepangwa juu kwa juu, na kengele ya kuamka italia kabla ya alfajiri. Huwezi kukimbia, kupiga simu wala kuchota maji. Kinachowezekana ni hiki. Mapema jioni weka kikombe cha maji na leso chini ya kitanda. Hamu ikipanda, lowesha leso uibane usoni. Kandamiza nyayo kwenye chuma cha kitanda sekunde tano, achia, subiri sekunde kumi; kunja ngumi vilevile; kisha mabega, taya, tumbo. Sikiliza sauti tano tofauti gizani, moja baada ya nyingine: mbwa, bati, anayekoroma, mbu, lori la barabarani. Isiposhuka, toka. Na ili mtoto aweze kutoka, shule iwe imekwisha kupatana naye neno moja, kwa mfano "nahitaji hewa", ambalo matroni akilisikia anafungua mlango na kukaa naye barazani bila maswali. Mpango huo hauna gharama. Unahitaji tu matroni aliyeelezwa mapema, pamoja na msaidizi wake. Tumeona mpango mzuri ukifa kwa sababu usiku huo zamu ilikuwa ya mwingine.

Vijana hupeana pia mbinu za kujipa maumivu madogo yasiyoacha alama. Wapo watu ambao ziliwavusha, hatuwalaumu. Sisi hatuzifundishi, kwa sababu zinaufunza mwili somo lilelile la zamani, kwamba nafuu hupitia kwenye maumivu.

Mbinu yoyote kati ya hizi ikijaribiwa mara ya kwanza hamu ikiwa 9, itashindwa. Kichwa kilichochemka hakijifunzi kitu kipya. Zoeza pumzi kila siku dakika tano ukiwa mzima. Jaribu beseni mchana. Mbinu ianze kutumika hamu ikiwa 3 au 4. Mafunzo haya hayamsubiri daktari. Shirika la Afya Duniani liliwahi kujaribu mafunzo ya kukabili msongo kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini kwenye makazi ya Rhino Camp, West Nile: vipindi vitano, sauti iliyorekodiwa, kitabu cha picha, na waendeshaji wasio madaktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha msongo umepungua. Hayakulenga kujidhuru, lakini yanatosha kumjibu anayesema kwamba vijijini haiwezekani.

Kwa wiki mbili andika kwenye daftari saa, kilichotangulia, nguvu ya hamu, ulichofanya, nguvu iliyobaki. Mara nyingi sura hujitokeza: Jumapili jioni, baada ya simu ya karo, siku ya kulala njaa. Njaa, usingizi mdogo na pombe huonekana mambo madogo, na ndiyo yanayolegeza breki. (Pombe kali ya vipakiti ilipigwa marufuku mwaka 2019. Chupa ndogo zipo kila kioski.)

Kutokana na daftari hilo tengeneza kadi moja, ukubwa wa kitambulisho cha shule. Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani ndio waliopanga mfuatano wake: dalili kwamba hamu inakuja, mambo mawili ninayoyaweza peke yangu, mahali na watu wa kunisahaulisha, watu wa kuwaambia ukweli, wahudumu, na namna ya kuviweka mbali vitu vya hatari. Watu wa kuwaambia wasiwe chini ya wawili, maana mmoja simu yake itakuwa imezima. Waulizwe kwanza kama wanakubali. Senga (shangazi) anayependwa lakini asiyejua kutunza siri asiwemo. Kuhusu vitu vya hatari, dawa za hospitali na za shamba zifungiwe na ufunguo akae nao mtu mwingine. Kila dakika inayoongezwa kati ya hamu na kitu hulipatia wimbi nafasi ya kupita.

Kwenu wazazi na walimu: msimwamuru mtoto aonyeshe makovu, msiyahesabu, wala msimsimamishe paredi. Kama kuna jeraha, lisafishwe kwa maji na sabuni na kufungwa, kwa uso mtulivu. Kisha ulizeni, "Ilianza saa ngapi leo?" Ni swali linalojibika, "Kwa nini unatufanyia hivi?" halijibiki. Baadaye ulizeni waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, na ingawa kujidhuru si sawa na kutaka kufa, anayejidhuru yumo hatarini zaidi kuliko wenzake. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali. Akimeza kitu chochote, apelekwe saa hiyohiyo hata kama anaonekana mzima. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Arua, Gulu, Mbale na Mbarara, zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ipo Kampala. Simu ya 116, Sauti, ya watoto na vijana, haitozwi. Familia nyingi huficha kwa kuogopa polisi, kwa kuwa sheria ya jinai ya tangu 1950 imekuwa ikihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Wabunge wanaosoma gazeti hili wanajua la kufanya.

Na akirudia? Atarudia pengine. Wanaohesabu siku ("siku 40 bila kujidhuru") huanguka vibaya wakirudi kwenye sifuri, hadi wengine huona bora waendelee tu. Jeraha lioshwe, daftari lifunguliwe, iandikwe hamu ilikuwa ngapi na ni mbinu gani ilikosekana, na kadi irekebishwe kesho yake.

Ombi letu la mwisho ni kwako, Mhariri. Ukiichapisha barua hii, usiweke juu yake picha ya mkono wenye makovu. Mtu aliye kwenye 4 akiiona hufika 8 kabla hajasoma mstari wa kwanza. Picha ya beseni inatosha.

Sisi washauri nasaha wa vijana,
Arua