Dawa ya Parkinson isikosekane hospitali za wilaya

Mhariri,

Ugonjwa wa baba yangu ulianzia kwenye daftari la chama cha msingi, pale wakulima wanapotia sahihi wakipokea malipo ya kahawa. Sahihi yake ilikuwa kubwa, yenye mkia mrefu. Msimu hadi msimu ikawa inasinyaa, mpaka karani akamuuliza kama kweli ni yeye aliyeandika. Hatukuwaza ugonjwa. Mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka akiwa ameupumzisha pajani, wengine walisema ni uzee, wengine wakamtaja jirani tuliyegombana naye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani. Kilichomuumiza mama zaidi ni uso: baba alionekana amenuna muda wote, hata wajukuu walipomchekesha. Miaka mitatu ikapita hivyo, na ng'ombe wawili wakauzwa kwa ajili ya waganga.

Naomba nafasi yako niwaambie walio na mzee wa namna hiyo nyumbani kwamba ugonjwa huu unajulikana na una dawa. Unaitwa Parkinson, kwa jina la daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo nyeusi yenye seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza mwendo wa viungo. Kwa mgonjwa, seli hizo hufa polepole, na ndani yake hujikusanya mabonge ya protini iitwayo alfa-sinukleini. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imeshakufa. Choo kigumu, kurusha mateke usingizini na kutosikia harufu huweza kutangulia kwa miaka mingi. Baba aliacha kusikia harufu ya kahawa ikikaangwa jikoni, sisi tukasema ni mafua.

Umri unachangia, jeni zinachangia, na tafiti nyingi zimehusisha viuagugu kama parakwati na ugonjwa huu, jambo ambalo sisi wapuliziaji wa mashambani tunapaswa kulisikia. Mwaka 2023 watafiti waliochunguza Wanigeria na Wamarekani weusi walikuta kwenye jeni liitwalo GBA1 badiliko linaloongeza uwezekano wa kuupata, ambalo kwa Wazungu karibu halipo kabisa. Kwa hiyo anayedhani haya ni maradhi ya Ulaya amekosea. Na jirani yetu wa mpakani hakuhusika kwa lolote, tulishamwomba radhi.

Kuhusu tiba, mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz wa Vienna alionyesha kuwa ubongo wa wagonjwa hawa umepungukiwa dopamini. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake Walther Birkmayer wakawadunga wagonjwa levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na watu waliokuwa wamelala bila kujiweza wakainuka. Leo ni kidonge, kimechanganywa na kabidopa ili dawa isiishie njiani kabla ya kufika kichwani. Kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hakizuii seli kufa, lakini baba alipokianza, wiki ya pili alifunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Mama alitoka nje akalia.

Yapo mambo ambayo hakuna aliyetuambia. Kidonge kikinywewa pamoja na nyama, maziwa au maharage, chakula hicho hugombania njia na dawa, na dawa hushindwa. Tulikuwa tunampa kwa mtori wa nyama, kisha tunashangaa miguu kuganda mlangoni. Sasa anakunywa nusu saa kabla ya kula. Siku nyingine alitapika, akapelekwa hospitali, akachomwa sindano ya metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika. Alikakamaa siku mbili kama gogo, kwa sababu dawa ile huzuia dopamini kufanya kazi. Aliyemchoma hakuwa mtu mbaya, hakuwahi kufundishwa.

Hapa Kilimanjaro jambo hili limeshapimwa. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, kwa watu wapatao 161,000, na kufikia mwaka 2006 walikuwa wamewathibitisha wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote wanaumwa nini. Miaka imepita, na mgonjwa aliyekwisha kutambuliwa bado anafika dirisha la dawa anaambiwa, "Imeisha, kanunue nje." Kwa dawa ya maumivu ya kichwa mtu huvumilia. Levodopa ikikatika ghafla, mwili unaweza kukaza, homa ikapanda, na mgonjwa akafa.

Wapo wanaotuambia tutumie upupu. Ni kweli mbegu za upupu zina levodopa ya asili. Utafiti uliofanyika Bolivia na kuchapishwa mwaka 2017 uliwapa wagonjwa 18 unga wa mbegu hizo, na uliwafaa. Lakini walipimiwa na madaktari. Mbegu ya porini haina kipimo, moja ina nyingi na nyingine kidogo, na mzee anaweza kuzidishiwa. Ningependa wataalamu wetu waufanyie kazi mmea huu unaoota bure kwetu. Kabla ya hapo nisingempa baba.

Ninachoomba kwa wahusika ni levodopa yenye kabidopa iwepo hospitali za wilaya kila mwezi bila kukatika, na maofisa tabibu wa zahanati wafundishwe kumtazama mzee anavyotembea, anavyozungusha mikono na anavyoandika jina lake. Vipimo hivyo havihitaji mashine.

Asubuhi hii nimehesabu vidonge vya baba. Vimebaki 14, naye hunywa 3 kwa siku.

Msomaji wako,
Moshi