Zebaki ikifungwa kwa mlonge, sayanaidi je?

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka 19 bila kukuandikia. Ila ile habari uliyochapa, ya wataalamu kutumia majani ya mlonge "kusafisha" udongo wa machimbo ya dhahabu, imenishinda. Mimi naishi Geita, ukuta kwa ukuta na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu.

Kwanza, si kusafisha. Maji ya majani yakichanganywa na chumvi ya chuma hutoa punje nyeusi, ndogo mno hata jicho haliioni moja moja, na punje hizo hunasa risasi, aseniki au zebaki isitembee na maji. Inanaswa tu, imo palepale. Mwandishi wako hilo hakulisema, na sasa muuza dawa wa stendi anatangaza kwa kipaza sauti kwamba unga wa mlonge hutoa zebaki mwilini, kopo sh. 5,000. Mti wangu wameukwanyua umebaki kijiti.

Mwaka juzi niliagiza tripu mbili za mchanga wa kusawazisha ua. Fundi akausifu: laini, hauna kokoto. Wajukuu wakaupikia ugali wa kitoto wiki nzima. Siku ya nane akaja kijana na karai, akauosha kidogo kwenye ndoo yangu, akasema, "Bibi, haya ni marudio, niuzie nikachenjue dhahabu iliyobaki." Marudio! Mchanga uliokwisha pita kwenye zebaki ya kunasia dhahabu, nao uko kwenye kucha za watoto! Nikaenda ofisi moja, nikaambiwa nipeleke sampuli Mwanza kwa nauli yangu. Na kijana angeyapeleka wapi? Kwenye matangi ya sayanaidi, sumu ya kuyeyushia dhahabu, yanakoishia marudio mengi ya hapa. Sayanaidi huyeyusha zebaki ikaanza kutembea upya. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, tuliouridhia 2020, unataka kazi hiyo ikomeshwe pale zebaki isipotolewa kwanza. Sasa mtaalamu aifunge Jumatatu, mwenye tangi aifungue Jumanne?

Na tipa zinazobeba marudio hayo hupita bila turubai, tunafua nguo mara mbili.

Ushauri wangu: hao wataalamu wa mlonge waache chupa zao za maabara, waje na pipa moja la dawa yao kabla ya masika, wamwagie lundo la marudio lililo nyuma ya choo changu, wazungushie uzio, na lisiuzwe hata karai moja mpaka mvua ziishe. Kisha wapime kisima changu. Viti vipo. Chai nitawapikia, kwa maji ya kisima hichohicho.

Bibi wa jirani na karasha,
Geita