Salamu za Krismasi: Tuondoke, Tupande Betheli

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Heri ya Krismasi kwenu nyote, mlio na nyumba zilizojaa wageni na mlio peke yenu, mnaoimba kwa furaha na mnaoimba huku machozi yanawatoka.

Mwaka huu, katika kusoma Luka sura ya 1, nilikwama kwa Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji. Mzee amekaa bubu muda wote wa mimba ya mkewe Elisabeti, na ulimi wake ulipofunguliwa akaimba kwamba Mungu amelikumbuka agano lake, kiapo alichomwapia Ibrahimu. Jina la Zakaria lenyewe maana yake ni "Bwana amekumbuka". Waliokisikia kiapo kile walikuwa wamelala makaburini karne nyingi, na Mungu hakukiacha. Mtoto Yesu pale horini ni neno lililotimizwa. Nikajiuliza: na yangu je, niliyomwambia Yeye?

Mkumbukeni Yakobo. Alipokuwa akimkimbia ndugu yake Esau alilala njiani, jiwe kichwani, akaweka nadhiri pale Betheli: Mungu akinilinda, akinipa chakula na nguo, nikarudi salama kwa baba yangu, Bwana atakuwa Mungu wangu, jiwe hili litakuwa nyumba yake, na fungu la kumi nitamtolea. Mungu akafanya yote. Miaka 20 kwa mjomba wake Labani, akarudi na wake, watoto na makundi ya wanyama. Lakini hakwenda Betheli. Alijenga nyumba Sukothi, kisha akanunua kiwanja Shekemu kwa vipande 100 vya fedha, akapiga hema. Kutoka hapo hadi Betheli ni kilomita 30 na ushei tu.

Linalonichoma ni hili: pale Shekemu alijenga madhabahu! Hakuwa amemwacha Mungu. Aliabudu, tena kwa moyo naamini, ila mahali ambapo hakuahidi. Ikabidi Mungu mwenyewe amwambie katika Mwanzo 35, baada ya msiba mzito wa binti yake Dina na damu iliyomwagika mjini, kwamba aondoke, apande Betheli. Ndipo wakatoa miungu migeni na pete za masikioni, wakazifukia chini ya mwaloni, wakaenda.

Nami nina Shekemu yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha upasuaji, saa tisa usiku, nimeshika miwani ya mama kwa sababu asingeweza kuingia nayo. Nilimwambia Mungu: Baba, ukinirudishia mama, Jumamosi zangu ni zako, nitawatembelea wagonjwa wasio na ndugu. Asubuhi mama aliamka akauliza miwani iko wapi. Nilikwenda wodini Jumamosi tatu. Baadaye nikajiunga na kwaya, nikachangia ujenzi, nikawa mtu wa kutegemewa kanisani, na kila aliponisifu mtu nilijiona nimeshalipa. Vyote vilikuwa vyema, lakini sivyo nilivyoahidi kwenye lile benchi.

Kitabu cha Mhubiri kinasema ukimwekea Mungu nadhiri usikawie kuiondoa, yaani kuitimiza. Neno "usikawie" tunalipita haraka. Wengi wetu hatujakataa, tumekawia tu. Hebu mtazameni Hana, mama yake Samweli. Aliomba mtoto kwa uchungu, akampata, na alipomwachisha ziwa akampeleka Shilo, nyumbani kwa Bwana, akae huko kama alivyoahidi. Kisha kila mwaka akamshonea kanzu ndogo. Nafikiri juu ya kipimo cha kanzu ile: mama anakadiria mabega ya mtoto asiyelala nyumbani kwake, mwaka hadi mwaka.

Kama uliahidi bila kufikiri, au jambo ambalo sasa kweli huliwezi, usijifiche. Kaa na mchungaji au padre wako, mwambie Mungu ukweli. Neema haijaisha. Mungu hakumtupa Yakobo kwa kuchelewa. Alimbariki palepale Betheli.

Siku chache zijazo tutakuwa kwenye mkesha wa mwaka mpya. Wamethodisti wana ibada ya agano tangu siku za mwanzilishi wao John Wesley, mwaka 1755, na wengi huifanya mwanzoni mwa mwaka. Makanisa mengine nayo yana saa zake za kujiweka wakfu upya. Nawasihi, kabla ya kuahidi jipya usiku huo, tutafute la zamani: sadaka ya ahadi iliyobaki nusu, msamaha tulioapa kuutoa, viapo vya ndoa, maneno ya ubatizo wetu.

Jumamosi iliyopita nilirudi wodini. Nilimkuta mzee mmoja, kucha za miguu zimerefuka hadi zinamchoma. Nikaomba wembe na maji ya vuguvugu, nikamkata taratibu, mguu mmoja kisha wa pili. Akaniuliza, "Utakuja tena, mwanangu?"

Nawatakia Krismasi njema na mwaka wenye baraka. Mkiniombea, niombeeni Jumamosi asubuhi. Kuna mzee ananingoja.