Barua ya wazi kwa binamu yangu: hiyo magneto usiifunge kwanza

Binamu,

Picha zako nimeziona. Pikipiki ya BSA M20 ya wakati wa vita imekaa juu ya stendi bandani kwako hapo Leeds, tangi limeng'arishwa kama sahani ya biharusi, na magneto ya Lucas (kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) uliyoagiza mtandaoni imelala juu ya gazeti. Unauliza jambo moja tu: taimingi ya M20, yaani wakati wa cheche kuruka, ni ngapi? Nitakujibu, ila subira kidogo. Naandika hapa hadharani kwa sababu wenye pikipiki za aina hii karibu wote huanza na swali hilo hilo, na wengi wao hujikuta wakisumbukia taimingi ya kitu ambacho kimekwisha kufa.

Muuzaji alikwambia magneto ni nzima kwa kuwa ukiizungusha kwa mkono inatoa cheche. Sikatai, inatoa. Lakini uliizungusha ikiwa baridi, mezani, na plagi iko nje kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda mchanganyiko umebanwa, na cheche inahitaji nguvu zaidi kuruka pengo lile lile. Tena baada ya dakika kumi za barabarani chuma chote pale nyuma ya silinda kinakuwa cha moto.

Kinachoua magneto hizi mara nyingi ni kondensa, kile kifaa kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi. Kwenye gari la zamani kondensa ungeibadilisha kwa bisibisi na dakika tano. Lucas wao waliizika ndani ya amecha yenyewe (ile sehemu ya katikati inayozunguka), inazunguka pamoja na koili, na huifikii mpaka uifungue magneto yote. Ikizeeka inaanza kuvuja umeme, na joto linaizidishia. Nayo shelaki, aina ya vanishi waliyopaka nyaya za koili enzi zile hulainika, ikatapakaa ndani kama gundi. Dalili utazijua: asubuhi pikipiki inawaka kwa kiki ya kwanza, unafika mbali na nyumbani inaanza kukohoa, inazima, unapiga kiki mpaka jasho linakutoka, haitaki. Ukikaa ukanywa chai ikapoa, inawaka tena kana kwamba hamkugombana. Watu hapo hudhani ni mafuta, hufungua kabureta. Wewe nakujua, ungeifungua mara mbili.

Kwa hiyo kabla ya spana yoyote, amecha iende kwa fundi anayesuka koili za magneto, isukwe upya, iwekewe kondensa ya kisasa, na sumaku iongezewe nguvu. Si bei ya kutupwa, lakini ni mara moja. Ukiamua kuifungua mwenyewe, toa kwanza skrubu ya pengo la usalama na brashi ya ethi pale ubavuni, ndipo uvute amecha. Ukizisahau utavunja slipringi, ile pete inayopitisha umeme wa koili, na hapo gharama inapanda. Brashi ya ethi yenyewe usiidharau: ikichoka, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia beringi, na beringi zinaanza kuliwa.

Najua kuna anayekushawishi uweke mfumo wa kielektroniki unaotegemea betri. Mimi sikushauri. M20 ina betri ya volti 6 na dinamo ya zamani ambayo ikipata siku nzuri inawasha taa. Uzuri wa magneto ni kwamba haiombi kitu kwa mtu. Krenki ikizunguka, cheche ipo. Jeshi la Uingereza lilichukua M20 zaidi ya 120,000 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na askari aliyekwama jangwani na betri iliyokufa bado aliweza kupiga kiki akaondoka. Waingereza walikuwa wameshaonja uchungu kabla ya hapo: hadi 1914 magneto zao nyingi zilikuwa za Bosch kutoka Stuttgart, vita ikaanza, muuzaji akageuka adui, ikabidi viwanda vya Birmingham na Coventry vijifunze haraka.

Haya, taimingi. Wewe umekulia kwenye bodaboda za Tanga, na hapa ndipo mazoea yatakuponza. Kule sumaku inakaa kwenye krenki kwa kii, kipande cha chuma kinachoingia kwenye mfereji wake. Kii ikiingia, taimingi imejipanga, huna la kuamua. Kwenye M20 gia ya magneto inakaa juu ya shafti iliyochongoka, haina kii. Inaweza kushika popote kwenye duara. Aliyeipanga ni wewe, na ukikosea ni wewe.

Anza na pengo la pointi (vile vidude viwili vinavyoachana ili cheche iruke), inchi 0.012, yaani kama milimita 0.3. Lazima litangulie, kwa sababu ukiligusa baadaye na taimingi inahama. Kumbuka kwenye hii pointi ndizo zinazozunguka, na pete ya kamu ndiyo imetulia. Waya wa wenzo mdogo ulio kwenye hendeli unaisogeza pete hiyo kidogo, kuwahisha au kuchelewesha cheche. Weka wenzo huo kwenye kuwahisha kabisa, uuache hapo.

Fungua kichwa cha silinda. Usiogope, injini hii ina valvu ubavuni, kichwa hakina kitu ndani yake, ni bolti na gasketi tu. Faida yake unaziona valvu zote mbili kwa macho: pistoni ikipanda huku zote zimefunga, huo ndio mpigo wa kubana, huna haja ya kubahatisha. Ipeleke pistoni juu kabisa, pima kwa venia, kisha irudishe chini kupita kipimo na uipandishe polepole mpaka ibaki inchi 7/16 kabla ya kilele, milimita 11.1. Unapandisha, hushushi, ili ulegevu wa meno ya gia uishie upande mmoja.

Sasa chukua karatasi nyembamba ya kusokotea sigara. Ibane katikati ya pointi, ishike kwa vidole viwili uivute kwa uzito usio uzito, huku mkono mwingine unazungusha amecha upande wake wa kawaida. Karatasi inagoma, inagoma, halafu inateleza yenyewe. Simama hapo hapo. Shafti na tundu la gia viwe vikavu, visiwe na tone la oili, maana kinachovishika pamoja ni msuguano tu. Sukuma gia iingie, igonge kidogo kwa kipande cha bomba, kaza nati. Nati itajaribu kuiburuta amecha, na mara nyingi inafanikiwa, kwa hiyo rudia kipimo chote na karatasi baada ya kukaza. Ikiwa imehama, vuta gia kwa pula, anza tena. Hakuna ujanja mwingine, na kupiga gia kwa bisibisi kutoka nyuma sitaki hata kusikia.

Plagi iwe na pengo la inchi 0.018, usiifuate ile ya magari ya kisasa. Hakikisha pia magneto uliyonunua imeundwa kuzunguka upande ule ule na ya zamani. Za upande tofauti zinaingia vizuri tu, lakini pointi zinafunguka wakati sumaku haina nguvu, na utapata cheche ya kukusikitisha.

Siku ya kuwasha, rudisha wenzo wa hendeli kwenye kuchelewesha kabla hujapiga kiki. Ukisahau, injini ya cc 496 itakurudishia kiki, na kifundo chako cha mguu bado tunakihitaji kwenye harusi ya dada yako.

Pula ya gia usinunue, ninayo. Nitakuja nayo amecha ikisharudi kwa fundi. Mwambie shangazi aniwekee samaki wa nazi, na wewe ile gasketi ya kichwa agiza leo.