Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: udongo wa viwanja vya mlimani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakuandikia kuhusu tipa za kifusi zinazoteremka kutoka Goba, Salasala na Kimara. Sehemu kubwa ya udongo huo ingeweza kubaki palepale ulipochimbwa.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, upande wa juu umezidi wa chini kwa mita 3. Mwenyewe akitaka chote kishuke hadi usawa wa chini, atachimba mita za ujazo 900. Udongo ukichimbwa huumuka, tuseme kwa robo, kwa hiyo tipa ya mita za ujazo 10 itapiga tripu zaidi ya 110. Kiwanja hichohicho ukikikata nusu ya juu na kujaza nusu ya chini, unachimba mita za ujazo 225 tu, na tipa haihitajiki. Ukingo unaomwachia jirani wa juu unakuwa mita moja na nusu badala ya tatu. (Fundi makini atashusha levo, yaani usawa wa kiwanja, kidogo zaidi, maana udongo ukishindiliwa vizuri hupungua kuliko ulivyokuwa ardhini.)

Kwa nini basi watu wanachimba chote? Kijiko, ile mashine ya kuchimba, hulipwa kwa saa, tipa kwa tripu. Udongo usioondoka haumlipi mtu. Mwenye nyumba naye anaogopa kujenga juu ya kifusi, na simlaumu: udongo uliomwagwa kwa mkupuo na kukanyagwa na matairi tu hutitia mvua zikija, kuta zikapasuka. Lakini dawa mafundi wanaijua. Kwangua majani na mizizi, kata ngazi kwenye mteremko, mwaga tabaka la sentimita 20 hivi, lowanisha, shindilia, ndipo umwage lingine. Nguzo na msingi viteremke hadi ardhi ya asili.

Nimekuandikia wewe, si mkurugenzi wa manispaa moja, kwa sababu Ubungo, iliyo na Goba ndani yake, haina pwani. Kifusi kinachotupwa kwenye korongo huko Goba husombwa na maji kupitia Kinondoni, na makalavati ya njiani ndiyo yanayoziba.

Ninachoomba ni karatasi moja. Anayeomba kibali cha kujenga kwenye mteremko aambatishe mchoro wenye levo iliyopo, levo anayoitaka, ujazo wa kukata, ujazo wa kujaza, na ziada ikiwepo, itakwenda wapi. Kwa kiwanja cha kawaida si kazi kubwa kwa mpimaji, na gharama yake haifiki popote karibu na tripu 110. Mtendaji wa mtaa apewe nakala, ili kijiko kikiingia awe na kitu cha kukagua.

Na agizo, likitoka, litoke kabla ya Machi. Masika yakianza, udongo uliokwisha kulegezwa hauna wa kuuzuia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi ujenzi, Goba